Kidhibiti cha mwondoko

Kidhibiti cha mwondoko ni programu ya kompyuta ya injini inayozuia mizunguko isipite kiwango fulani, mara nyingi 3,000 hadi 5,000 kwa dakika, gari likiwa limesimama. Dereva hukanyaga klachi, hutia gia ya kwanza na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kompyuta hukata cheche, na petroli isiyoungua huwakia kwenye ekzosi. Moto huo ndio unaozungusha turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Klachi ikiachiwa, msukumo wa hewa uko tayari. Moto huo wa ekzosi ndio asili ya milipuko ya Subaru inayosikika usiku mijini Kenya, na joto lake hula vali na turbo yenyewe.

Mwinuko nao una uzito wake. Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko Mombasa, hivyo kabla turbo haijajaa gari huondoka kivivu. Mipangilio iliyopimwa pwani ipimwe upya kabla ya kutumika Chwele, chini ya Mlima Elgon, tena ndani ya uwanja uliofungwa: barabara ya sokoni ni ya wachuuzi na bodaboda.

Hata hivyo, mwondoko wa kasi si kila kitu: mbio za magari za Safari Rally za 1997, alizoshinda dereva Colin McRae kwa Subaru Impreza, zilidai uimara kuliko mwondoko.