Nani Asogee?

Kabla ya mwaka 1959 swali hili halikuwepo. Leo ukiingia kwenye grupu yoyote ya wapiga picha hapa Nairobi utalikuta, saa sita usiku, watu wazima wakitukanana: ninunue praimu au zumu? Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika kamera: praimu ni lenzi yenye kipimo kimoja tu. 35mm, au 50mm, au 85mm, basi. Ukitaka uso wa mtu uwe mkubwa kwenye picha, unatembea kumfuata. Zumu ni ile yenye pete ya kuzungusha, 24 mpaka 70, au 70 mpaka 200, na uso unakuja wenyewe huku wewe umesimama palepale.

Kwenye grupu wanabishana kuhusu ukali wa picha na bei. Si vibaya, pesa ni pesa. Lakini ukifuata historia ya vioo hivi utaona ubishi wa kweli uko kwingine: nani anasogea, nani anasogelewa, na kama aliyesogelewa aliulizwa.

Tuanzie Vienna. Mwaka 1839 Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake huko Paris, lenzi zilizokuwepo zilipitisha mwanga kidogo sana hivi kwamba mtu alilazimika kuketi bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Jaribu wewe kutabasamu dakika tatu. Ndiyo maana watu wa picha zile za kwanza kabisa wanaonekana kama wamefiwa. Mwaka uliofuata profesa wa hesabu wa Vienna, Joseph Petzval, akabuni lenzi ya kupiga picha za nyuso iliyopitisha mwanga mwingi mara kadhaa. Hesabu zake zilikuwa nzito, kompyuta hakuna, kwa hiyo akaazimwa askari wa mizinga waliozoea kukokotoa njia ya makombora. Kampuni ya Voigtländer, iliyokuwa hukohuko Vienna, ikaitengeneza na kuiuza. Baadaye profesa na kampuni wakakosana vibaya, kama kawaida ya mbunifu na muuzaji, lakini picha ya uso wa mtu ikawa biashara ya dunia nzima.

Kumbuka hilo la mwanga, maana ndilo praimu inauza mpaka leo.

Karne moja baadaye kamera imeshakuwa ndogo. Leica ilitokea kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925 ikiwa na lenzi moja ya 50mm iliyofungwa kabisa kwenye mwili wake. Hukuweza kuibadilisha hata ungetaka. Henri Cartier-Bresson alipata ya kwake mwaka 1932 na akaishi na 50mm karibu maisha yake yote. Kilichomsukuma aache mengine ashike kamera, kwa maelezo yake mwenyewe, ni picha moja ya Martin Munkácsi: vijana watatu Waafrika, uchi, wanakimbilia mawimbi. Inajulikana kama picha ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyeandika majina ya wale vijana. Watu wanaosema kwamba Mfaransa yule na lenzi yake moja ndiye mfano wa unyenyekevu wangekumbuka pia kwamba alikuwa akibandika utepe mweusi kwenye Leica yake ili isimetemete watu wakamwona. Alikuwa karibu, ndiyo. Lakini alijificha.

Mwenye lenzi moja ambaye mimi namwamini zaidi ni Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio yake mwaka 1948, karibu na stesheni ya treni, akiwa na kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu zilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja. Moja! Siyo mia tatu halafu utachagua nyumbani. Mteja alikuja mwenyewe, amevaa alichochagua, na kama hakuwa na saa au kalamu au redio ya kushika, Keïta alikuwa nazo za kuazima. Hata gari lake lilikuwa la kuegemea. Mapambo ya nyuma yalikuwa kitambaa tu, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Alimgeuza mteja bega kidogo, akamwinua kidevu, wakaelewana, ndipo akapiga. Hapo hakuna aliyemvizia mwenzake. Mpiga picha alisogea, na mteja pia alisogea, tena alilipa. Studio zetu za mitaani, zile za pazia lenye maporomoko ya maji na maua ya plastiki, zilifanya kazi kwa mtindo huohuo, na vilevile wale wa Uhuru Park waliokuwa wanakuuliza kwanza kama unataka. Lazima akuulize, utalipaje kama hukukubali?

Lakini lenzi ya kuvuta kutoka mbali ina ukoo mwingine, na ukoo huo ulipita hapa kwetu. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa tayari ametoa kitabu chake kuhusu safari zake Afrika Mashariki ya Wajerumani, upande wa Kilimanjaro na nyika ya Wamaasai. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa *Kwa Flashi na Bunduki*. Usiku alifunga ng'ombe kama chambo, akatega kamba, simba akija anajipiga picha mwenyewe. Mchana alijaribu lenzi ndefu. Alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mpiga picha na hakuacha la kwanza alipoanza la pili. Kiswahili hakikuwa na haja ya kubadilisha kitenzi: risasi hupigwa, picha hupigwa. Mazoea yale, ya kukaa kwenye gari, kutulia, kuvuta, kupiga, kuondoka, yaliendelea mpaka leo, na shida si twiga. Shida ni pale gari linapotoka mbugani, likafika kwenye boma au sokoni, na mtu akaendelea kutumia lenzi ileile kwa namna ileile. Ukikaa kando ya barabara ya kwenda Mara utaziona zikitokea dirishani.

Zumu yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya picha zinazotembea. Sinema ilikuwa nazo tangu miaka ya 1930, ila televisheni ya Marekani ndiyo iliyozipenda kweli, kwa sababu ya michezo. Kamera imefungwa juu ya jukwaa, mpira unakimbia, nani atabadilisha lenzi? Frank Back, mhandisi aliyehamia Marekani akitokea Vienna (ndiyo, Vienna tena), akaunda lenzi aliyoiita Zoomar miaka ya 1940. Mwaka 1959 akatoa ya kwanza ya aina yake kwa kamera za picha za kawaida za filamu ya 35mm: 36 mpaka 82mm, f/2.8, na iliyoiuza ni Voigtländer ileile iliyokuwa imegombana na Petzval. Ndani ilikuwa na vipande 14 vya kioo. Kila kipande kinaongeza uzito na kurudisha mwanga kidogo, na mng'ao huo unazurura ndani ya lenzi na kuchafua picha. Mwaka 1963 Nikon ikaja na 43 mpaka 86mm ya bei ambayo watu waliimudu. Waliinunua sana na kuilalamikia sana. Sifa mbaya ya zumu, ile wazee wa kamera wanakurithisha kama hadithi ya zimwi, ilianzia hapo, na kwa wakati ule ilikuwa haki yake.

Leo si haki. Kompyuta zilichukua kazi ya wale askari wa mizinga, rangi maalum za kupaka vioo zikapunguza mng'ao, na kufikia miaka ya 1990 mwanahabari alikuwa anabeba zumu mbili za f/2.8 na anamaliza siku bila kufungua mwili wa kamera. Hilo si suala la uvivu. Fikiria kazi ya Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh. Picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984, alizichukua kwa kamera ya televisheni. Mwaka 1991 akapoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia mpaka kifo chake mwaka 1996, katika ndege iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na Komoro. Mwambie mtu kama huyo kuhusu utakatifu wa kubadilisha lenzi.

Kisha ikaja mwaka 2003, ambao kwetu ndio mwaka wa maana. Canon ilitoa EOS 300D, kamera ya dijitali chini ya dola 1,000, ikiuzwa pamoja na zumu ndogo ya 18 mpaka 55mm. Miaka michache baadaye zikaanza kufika mitumba, na kizazi kizima cha vijana wa Nairobi kikajifunzia kwenye hiyo 18–55. Ni lenzi nzuri saa nne asubuhi. Ingia nayo ukumbini, kwenye harusi, saa mbili usiku, uvute mpaka mwisho: tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya praimu ya 50mm f/1.8, ile ya plastiki ambayo Canon iliitoa mwaka 1990, ina vipande sita tu vya kioo na gramu 130, lakini inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: 5.6 gawanya kwa 1.8, kisha kipeo cha pili. Ndiyo maana fundi yeyote mwenye huruma atakwambia ianze hiyo. Kitu ambacho watu hawakwambii ni kwamba kwenye kamera za bei ya chini, zenye kihisio kidogo, 50mm inaona finyu kama 80mm. Kwenye bedsitter utagusa ukuta kwa mgongo kabla bibi harusi hajaingia wote. Kwa nyumba zetu, 35mm au 24mm ina akili zaidi.

Halafu kuna huu msemo kwamba praimu inakufundisha kuvuta kwa miguu. Nusu yake ni kweli. Ukitembea, picha inabadilika kwa namna ambayo pete ya zumu haiwezi, kwa sababu umbali ndio unaopanga ukubwa wa vitu kati yao. Ndiyo siri ya ile picha ya twiga wa Nairobi National Park na maghorofa yakiwa yamemwegemea. Mpiga picha alikuwa mbali sana na twiga, kwa hiyo tofauti kati ya twiga na jiji ikawa ndogo, kisha lenzi ndefu ikakata kipande hicho tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ule Mlima Kenya nyuma ya majengo ya jiji, ulio kilomita zaidi ya 100, ambao watu mtandaoni waliapa ni uongo. Miguu haikupi hiyo.

Na wale wanaoongeza kwamba kusogea karibu ni heshima, wamtafute Marc Garanger. Mwaka 1960 alikuwa mwanajeshi wa lazima wa Ufaransa huko Algeria, na aliamriwa kupiga picha za vitambulisho za wanavijiji. Wanawake karibu 2,000 katika siku kumi, wameketishwa kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe, wengi wamelazimishwa kuvua shela mbele ya mwanaume mgeni aliyezungukwa na bunduki. Hapo hakuna lenzi ndefu wala gari la safari. Alikuwa mbele yao hatua chache. Angalia macho yao, ambayo yeye mwenyewe baadaye aliyachapisha kama ushahidi wa walichotendewa, utaelewa kwamba hatua chache zinaweza kuwa mbali mno.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini, na huniuliza, mimi humuuliza atapiga nani. Kama ni watu wanaokujua, watakaokupa muda, nunua praimu moja uwe nayo mwaka mzima. Uso utabadilika ukimwona mtu anakuja, na mabadiliko hayo ndiyo picha. Kama ni mpira, mahakama, maandamano, nunua zumu na usione haya.

Ingawa hilo la maandamano sasa lina neno lake. Tarehe 25 Juni 2024, katikati ya jiji, wanahabari walikuwa na 70–200 zao, na ilibidi, kwa sababu huwezi kufungua kamera ndani ya moshi wa vitoa machozi. Vijana walikuwa na simu, na simu ukiifikiria ni praimu mbili tatu zilizobanwa pamoja, ile kuu ikiwa pana. Kuvuta kwenye simu mara nyingi ni kukata picha tu. Wote walipiga nyuso zilezile. Siku zilizofuata, watu walipoanza kutoweka, wengi wakaanza kuombana wazibe sura kabla ya kuweka picha mtandaoni, na hapo ndipo kipimo cha lenzi kikawa na uzito ambao hakuna grupu lililowahi kuujadili. Picha ya simu iliyopigwa kutoka katikati ya umati ina watu arobaini, mabango, moshi, na migongo mingi. Ile ya 200mm kutoka ng'ambo ya barabara ina kijana mmoja, na kovu la kidevuni linaonekana vizuri.