Fundo la vitoto vya buibui: namna ya kuwatambua

Mvua zikishanyesha, vichaka vya Diani, Msambweni hadi Milima ya Shimba hunawiri, nami huulizwa swali lile lile: hili fundo la vidude vidogo kwenye jani ni nini? Wengine hukimbilia mafuta ya taa na kiberiti kabla ya kuuliza. Nitaeleza hapa namna ya kuwajua. Na buibui ninayemsema si vazi la mama zetu, ni mfumaji mwenyewe.

Kwanza, hesabu miguu. Piga picha kwa simu, kisha uikuze. Buibui ana miguu 8 na mwili wa sehemu mbili zilizobanwa kiunoni. Kupe aliyeanguliwa karibuni ana miguu 6, mwili wake ni kipande kimoja, hana utando, na hujazana kwenye ncha za nyasi akingoja mnyama au mtu apite. Mwenye ng'ombe asiidharau tofauti hii, maana wapo kupe ambao wakikua hueneza ndigana.

Pili, puliza taratibu. Vitoto vya buibui hutawanyika kwenye nyuzi zao, kisha hurudi pamoja. Siku za mwanzo hawawindi. Huishi kwa akiba ya kiini cha yai iliyo tumboni. Baadaye kila mmoja hupanda juu, hutoa uzi na kuchukuliwa na upepo.

Tatu, tafuta mama na kifuko cha mayai, kwani vitoto peke yao ni vigumu kuwapa jina. Ukiona vitoto vimepanda mgongoni mwa mama anayekimbia ardhini, huyo ni buibui mwindaji asiyetega utando. Utando mkubwa wa duara wenye rangi ya dhahabu kati ya miti una mwenyewe mkubwa, lakini si wa kuogopwa. Wa kuhadhari naye ni buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo. Kifuko chake ni cha mviringo, chenye vijiba kama miiba, na hupenda kujificha chini ya viti na kwenye mapipa. Akikuuma, osha jeraha, weka kitu baridi. Maumivu yakizidi, nenda hospitali.

Wengine waacheni. Wanakula mbu na nzi wetu bila malipo, na moto wa kuchoma fundo moja waweza kula shamba zima.