Mfundo, si Hasira ya Ndani

Nimeikuta tena "hasira ya ndani", safari hii katika tafsiri ya hojaji ya saikolojia iliyopitishwa na jopo ambalo sina haja ya kulitaja. Ni hasira gani isiyo ya ndani? Hata ya mtu anayevunja sahani imeanzia kifuani.

Mwanasaikolojia Charles Spielberger, katika kipimo chake cha hasira cha mwaka 1988, hakuuliza hasira hukaa wapi. Aliuliza mtu huifanyaje: huibana, huitoa au huidhibiti. Maswali 24, manane kwa kila mtindo, na katika yale ya kubana limo moja la kuweka kinyongo bila kumwambia mtu. Kiswahili kinalo jina la kitendo hicho.

Fundo ni pale kamba ilipokazwa. Ni fundo la mguu. Ni fundo la muwa, pale panapoyakatalia meno. Tunafundika, tunafundua, na hasira iliyofungwa moyoni tunaiita mfundo. Ghadhabu na hamaki, tulizozipokea kutoka Kiarabu, ni maneno mazuri, ila yanautaja moto bila kusema mwenyewe ameufanya nini. Wapo wanaoshikilia neno "kinyongo". Nakiheshimu, lakini hakina kitenzi cha kukifungua, na mtafiti anahitaji kitenzi hicho.

Mtazame mama aliyefunga noti kwenye pindo la kanga. Yuko sokoni anachagua nyanya, na fundo halionekani, lakini mkono hauishi kulipapasa. Swali la watafiti liko hapo: anayeifunga hasira, je, makini yake hunaswa zaidi na neno baya au uso uliokunjamana kuliko anayefoka yakaisha? Wanasaikolojia Colin MacLeod, Andrew Mathews na Philip Tata waliufanya mnaso wa aina hiyo upimike mwaka 1986, wakichunguza wasiwasi. Maneno mawili hutokea kwenye skrini, moja la tishio, kisha nukta mahali pa mojawapo. Anayeiwahi nukta palipokuwa na tishio, makini yake ilikuwa huko tayari. "Hasira ya ndani" haimwonyeshi msomaji uhusiano huu hata kidogo. Mfundo unamwonyesha mkono na pindo.

Matumizi: hasira ya mfundo, hasira ya mfoko, hasira iliyodhibitiwa.

Nilipolileta neno mfundo kwenye kikao cha jopo lile niliambiwa ni la vijiweni, halifai hojaji. Jibu hilo lilinichoma. Nikaenda kwa fundi cherehani, jirani yangu, nikamsomea swali lao: una hasira ya ndani?

"Ya nje ndiyo ipi, mwalimu?"

Nikamwuliza kama huwa anaweka mfundo. Akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Mwaka wa tatu huu, na kaka yangu. Akipita hapo barabarani, hata akikohoa, mimi nasikia ananisema."