Jiwe la Mbale na bembea ya Mshtarii

Mtandao wa huku Munanila leo una huruma, acha niwape kisa cha mawe.

Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri, mamia ya mawe yalianguka kutoka angani katika eneo la mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27 hivi. Kijiwe cha gramu chache kilipiga majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikamgonga mtoto kichwani. Hakuumia. Huku kwetu migomba imezunguka nyumba, kwa hiyo picha naipata vizuri.

Lakini mawe hayo yalifikaje Mbale? Vimondo vingi ni vipande vya asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 1866, zikiwa zinajulikana chini ya 100, Mmarekani Daniel Kirkwood alizipanga kwa umbali akakuta mapengo. Pengo mojawapo liko pale ambapo jiwe lingezunguka Jua mara 3 wakati Mshtarii inazunguka mara 1. Fikiria bembea: ukiisukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, itapanda juu. Ndiyo rezonansi hiyo.

Jinsi pengo hilo linavyofagiwa ilikuja kueleweka zaidi ya miaka 100 baadaye. Miaka ya 1980, Jack Wisdom alionyesha kwa kompyuta kwamba njia ya jiwe lililo pale inaweza kutulia muda mrefu, kisha ikarefuka ghafla hadi kukata njia ya Mirihi, hata ya Dunia.

Msidhani rezonansi inaharibu tu. Asteroidi za kundi la Hilda huzunguka mara 3 kwa kila mizunguko 2 ya Mshtarii, na zimedumu: zikifika mbali kabisa na Jua, Mshtarii huwa haipo karibu.

Mapengo ya Kirkwood bado yako kazini. Joto la Jua huyasogeza mawe madogo polepole mpaka yanatumbukia humo, na baadhi huelekea kwetu. Mtoto wa Mbale aliokolewa na mgomba. Kwa jiwe kubwa, tegemeo letu ni darubini na hesabu.