Igiseke, Chungu na Kanga: Zawadi na Mapambo ya Nyumba Gitega na Muyinga

Mwaka 1955, miaka saba kabla ya uhuru, Gitega ilipata jumba la makumbusho ambalo leo ndilo Makumbusho ya Taifa ya Burundi. Ndani yake mna vikapu, vyombo vya maziwa, mikuki, ngoma, mapambo ya mwilini na picha za zamani za watu wa ikulu. Mgeni anayepita haraka huona vyombo vya nyumbani tu. Anayekaa kidogo na kuuliza kila kimoja kilikuwa na kazi gani huipata historia nzima ya mapambo ya nyumba katika vilima hivi: sehemu kubwa ya vitu vilivyoipendezesha nyumba ya Mrundi vilitengenezwa pia ili vitoke, vibebe kitu na kukifikisha kwa mtu mwingine.

Nyumba yenyewe haikuwa na ukuta wa kutundika picha. Ilikuwa ya mviringo, ya fito na nyasi, ndani ya ua uitwao urugo. Uzuri wa ndani uliletwa na mikono ya wasukaji: viambaza vya matete vya kugawa vyumba, mikeka ya kulalia na kukalia, na vyombo vilivyopangwa mahali ambapo mgeni akiinama kuingia angeviona. Mjiografia Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita Burundi mwaka 1911, na kitabu chake kuhusu Warundi kilichotoka mwaka 1916 kinaeleza kwa kirefu maisha na kazi za mikono za watu aliowakuta.

Katika kazi hizo, kikapu kina nafasi ya pekee. Kile kikubwa chenye kifuniko ni igiseke, na kidogo chake ni agaseke. Msukaji huanza na kitita chembamba cha nyasi, hukikunja kuwa kitovu kidogo kisichozidi ukucha, kisha hukizungusha huku akikifunga kwa uzi wa mmea na kuupenyeza kwenye mzunguko uliotangulia. Mzunguko hukaa juu ya mzunguko, na ukibana vizuri, hata punje ndogo ya ulezi haipenyi. Michoro ya pembe na mistari ya kupinda, nyeusi au nyekundu juu ya rangi ya nyasi, haichorwi kwanza popote. Msukaji huihesabu kichwani, mshono kwa mshono, na akikosea hesabu chini, kosa hupanda pamoja na kikapu hadi juu. Kifuniko kilichochongoka husukwa peke yake, nacho lazima kiketi juu ya mdomo wa kikapu bila kulegea wala kulazimishwa. Mnunuzi anayejua kazi huanza kwa kukifunga na kukifungua, kisha ndipo huangalia rangi.

Kikapu hicho kilihifadhi nafaka na unga, na siku ya shughuli kilipanda kichwani. Mama aliyejifungua hutembelewa na ndugu na majirani wakiwa na vyakula na vinywaji, desturi ambayo Warundi huiita guhemba. Anayekwenda ukweni hubeba chakula au pombe. Watu walioalikwa arusini huchangia, na mchango huo hukumbukwa ili urudishwe siku ya aliyeutoa. Kwa hiyo familia iliyokuwa na vikapu vizuri ilikuwa tayari wakati wowote: akitokea mtoto au posa kilimani pa pili, chombo cha kupelekea kipo, kimekaa ndani kikipendezesha nyumba.

Chungu nacho kilikuwa na njia yake. Ufinyanzi Burundi ulikuwa hasa kazi ya watu wa jamii ya Watwa, ambao walifinyanga bila gurudumu, wakipandisha udongo kwa mikono na kuuchoma kwa moto wa wazi. Kabla udongo haujakauka, mfinyanzi huviringisha juu yake kamba iliyosokotwa au nyasi zilizosukwa, na chungu hubaki na ukanda wa alama ndogondogo shingoni. Alama za namna hii hupatikana kwenye vigae vya kale katika eneo lote la Maziwa Makuu, na ndizo zinazowasaidia wanaakiolojia kupanga nyakati. Chungu kikubwa cha pombe ya mtama au ya ndizi kiliwekwa katikati, wazee wakikizunguka na mirija mirefu, imiheha. Pombe ilikuwa zawadi, chungu kilikuwa pambo la shughuli, na kunywa pamoja kulikuwa ushahidi kwamba zawadi imepokewa. Jambo la kusikitisha ni kwamba Watwa waliovifinyanga vyungu hivyo kwa muda mrefu walibaguliwa hata na watu waliokula na kunywa kutoka katika vyombo vyao. Historia ya uzuri wa nyumba za Burundi haikamiliki bila kuwataja kwa heshima.

Juu ya zawadi zote alikaa ng'ombe. Katika desturi ya ubugabire, mwenye mifugo alimpa mwenzake ng'ombe, na aliyepewa akawa na wajibu wa utii, msaada na zawadi za kurudisha. Mahari, inkwano, ilihesabiwa kwa ng'ombe, na katika familia nyingi za wakulima kwa majembe. Mpaka leo wasemaji wa pande mbili hujadiliana kuhusu ng'ombe kwa maneno mazuri ya kumsifu, hata pale kila aliyepo anapojua kwamba kitakachotolewa ni fedha.

Ng'ombe huyo huyo alipotolewa kwa nguvu, maana yake ilibadilika kabisa. Mwaka 1903, kwa mkataba uliofanywa mahali paitwapo Kiganda, Wajerumani walimtoza mfalme (mwami) Mwezi Gisabo faini ya ng'ombe 424. Kwa watu walioishi kwa kupeana ng'ombe, hiyo ilikuwa fedheha kuliko hasara.

Kilomita chache kutoka Gitega mjini, huko Gishora, zawadi na pambo vilikutana katika sura ya kifalme. Mwezi Gisabo ndiye aliyeanzisha mahali hapo katika karne ya 19, baada ya kumshinda chifu muasi Ntibirangwa. Ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, zilitunzwa huko, na koo za wapiga ngoma zikakabidhiwa kazi hiyo kizazi hadi kizazi. Ngoma za Burundi huchongwa kutokana na gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma. Kila mwaka, katika sherehe ya mbegu ya mtama, umuganuro, ngoma zililia na watu wakafika ikulu na matoleo yao. Sherehe hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Wabelgiji na shinikizo la wamisionari. Ngoma zenyewe hazikunyamaza: mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Siku hizi ngoma ndogo za mapambo, zilizopakwa nyekundu, nyeupe na kijani za bendera, ni zawadi ambayo mgeni wa Gitega huondoka nayo mkononi.

Vitu vya pwani vilifika kabla ya watu wa pwani. Vipande vyeupe vya kombe la bahari ya Hindi vilivaliwa shingoni na wakubwa wa Burundi, vikiwa vimepita mikono mingi. Chumvi ya Uvinza ilipanda vilimani, ushanga na bangili za shaba zikafuata. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliojikita Ujiji walitamani njia ya kuingia ndani zaidi, lakini Mwezi Gisabo aliifunga. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kwa silaha katika miaka ya 1880 na akarudishwa nyuma. Kwa hiyo Burundi, tofauti na Tabora au Ujiji, ilipokea bidhaa za pwani kwa muda mrefu bila kuwapokea wenyewe walioziuza.

Mlango ulifunguliwa na ukoloni. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya Burundi Gitega, wakiyaacha ya Usumbura (leo Bujumbura) kando ya Ziwa Tanganyika. Askari, wapagazi, wakalimani na wenye maduka waliozungumza Kiswahili waliweka makazi katika vituo vya utawala, na baada ya Wabelgiji kuingia mwaka 1916 makazi hayo yakabaki. Ndiyo asili ya mitaa ya Waswahili katika miji ya Burundi, ikiwemo Gitega na Muyinga. Pamoja na msikiti walileta mkeka wa ukindu, udi na ubani, birika la chai, tende za mwezi wa Ramadhani na kanga.

Kanga iligeuza mambo. Inauzwa doti, jozi ya vipande viwili, na tangu mapema karne ya 20 imekuwa na maneno yaliyochapwa chini ya mji, yaani sehemu yake ya kati. Anayechagua kanga ya kumpa mama, shangazi au wifi huchagua rangi, kisha husoma maneno, maana mpokeaji atayasoma pia na atajua kama amepewa shukrani au ameonywa. Ukipeleka doti bila kusoma, unaweza kuanzisha ugomvi ambao hukuukusudia. Katika nyumba za Waswahili wa Muyinga, zawadi ya Idi au ya arusi huchaguliwa kwa uangalifu huo huo hadi leo.

Wakati huo huo nyumba yenyewe ilikuwa ikibadilika umbo. Wabelgiji walieneza kilimo cha kahawa kuanzia miaka ya 1920 na 1930, na mikoa ya kaskazini, Muyinga ikiwemo, ikawa ya kahawa. Mkulima alipolipwa mazao yake alinunua nguo, sufuria, taa na mabati. Nyumba ya pembe nne ya matofali ilileta kitu kipya: ukuta ulionyooka na chumba cha kupokea wageni. Humo viliingia viti vya mbao vyenye mito, vitambaa vya kufuma kwa mkono migongoni mwa viti, picha ya arusi, kalenda na kabati la vioo. Igiseke hakikufukuzwa. Kilihama kutoka sakafuni hadi juu ya kabati, na hapo ndipo utakikuta katika nyumba nyingi za Gitega leo.

Viwanda navyo vilichangia. Kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa Bujumbura kwa msaada wa China, kilitoa vitenge vilivyovaliwa nchi nzima katika miaka ya 1980. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliudhoofisha uchumi wote, na hatimaye kiwanda hicho kikafungwa kabla ya mitambo yake kupata mwendeshaji mpya. Kitenge kilichouzwa sokoni kikawa zaidi cha kutoka nje.

Kwa Muyinga, huko nje ni hasa Tanzania. Mpaka wa Kobero uko karibu, na ng'ambo ni Kabanga, wilayani Ngara. Eneo la Bugufi, ambalo leo ni sehemu ya Ngara, lilikuwa chini ya wafalme wa Burundi hadi Waingereza na Wabelgiji walipochora mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lugha za pande mbili zinasikilizana na ndugu wapo kote. Watu walipokimbia vita, wengi walipokewa Ngara, katika kambi kama Lukole, na waliorudi miaka ya 2000 walirudi na Kiswahili cha kila siku. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muyinga ikawa mahali ambapo ndugu wa upande mmoja hutuma kanga na mikeka ya Tanzania, na wa upande wa pili hurudisha vikapu.

Arusi ndiyo inayoonyesha jinsi tabaka hizi zote zilivyokaa pamoja. Siku ya mahari, wasichana hutangulia na vikapu vichwani, wamevaa imvutano, vazi la kitambaa chepesi linalofungwa begani. Kreti za bia na soda zimechukua sehemu ya vyungu, lakini kikapu hakijapata mrithi. Watu wa karibu na biharusi huchagua vikapu vya jozi, vinavyolingana kimo na michoro, kwa sababu vitahitajika tena nyumba hiyo changa itakapokuwa na la kupeleka kwa wengine. Jozi haipatikani kwa haraka. Anayeitaka huiagiza mapema, na msukaji husuka cha pili huku cha kwanza kikiwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo beseni la plastiki limeshindwa. Ni rahisi, ni jepesi, huoshwa kwa maji na sabuni, nalo limeingia kila nyumba. Limechukua kazi ya kubeba unga na kufulia nguo, na vikapu vya kazi hizo vimepungua. Siku ya posa, hata hivyo, hakuna familia inayopenda kufika na beseni mbele.

Mafundi wanaishi kwa mahitaji hayo. Giheta, karibu na Gitega, inajulikana kwa kituo chake cha kazi za mikono: uchongaji, ngozi, ufinyanzi na ususi. Mwanzoni mwa 2019 Gitega ilifanywa rasmi mji mkuu wa kisiasa, na wizara zikaanza kuhamia, zikija na ofisi za kupambwa, wageni wa kupokewa na watumishi waliohamia nyumba mpya. Mteja huyu mpya huweza kutaka kikapu bapa cha ukutani, kivuli cha taa kilichosukwa au chungu cha maua, na mafundi wanaviweza vyote. Kinachohitajika ni bei inayolipa siku za kazi. Kikapu kilichobanwa vizuri huchukua siku nyingi, na anayebishana bei yake kana kwamba ni ya beseni anamfundisha binti wa msukaji kutafuta kazi nyingine. Vyama vya akina mama wasukaji vinalijua hilo, ndiyo maana huweka bei kwa pamoja na kugawana oda kubwa. Familia za Gitega na Muyinga zinazoagiza jozi ya arusi mapema, na kuilipia inavyostahili, ndizo zinazowaweka wasukaji hao kazini.