Kalamu ya Afisa: Kiingereza cha Maandishi na Vijana wa Kibera na Kawangware

Katika matangazo ya uandikishaji ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya miaka ya karibuni, kuruti ameweza kukubaliwa akiwa na wastani wa D katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ilhali kadeti, yaani anayesomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, ametakiwa kuwa na wastani wa B na angalau C+ katika Kiingereza. Sharti hilo huelezwa mara nyingi kama suala la hadhi, kana kwamba nyota za mabegani haziwezi kung’aa bila lafudhi nzuri. Maelezo hayo ni dhaifu, kwa sababu afisa hutofautiana na askari wake kwa kalamu kuliko kwa ulimi.

Amri ya operesheni, yaani hati inayoeleza hali ya adui na ya vikosi rafiki, jukumu lililopo, namna ya kulitekeleza, ugavi, na mpango wa uongozi na mawasiliano, husomwa na watu wasio na nafasi ya kumuuliza mwandishi alikusudia nini. Huko Balaclava, katika Vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854, amri ya maandishi ya Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza, ilitaja mizinga bila kubainisha ni mizinga ipi, na Lord Lucan, kamanda wa wapanda farasi, ambaye kutoka bondeni alipokuwa hakuweza kuona yale ambayo mkuu wake aliyaona kutoka kilimani, akawatuma wapanda farasi wepesi moja kwa moja mbele ya mizinga ya Urusi, ambako zaidi ya 100 kati ya takriban 670 walipoteza maisha. Makabaila hao wawili walizaliwa na Kiingereza, wala hapana shaka kwamba waliitamka vizuri.

Ni kweli kwamba jeshi halihitaji Kiingereza kwa maumbile yake. King’s African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, liliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, na maafisa Waingereza ndio waliolazimika kujifunza lugha ya askari wao; Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1964, linaamrisha kwa Kiswahili hadi leo. Hata hivyo afisa wa Kenya, ambaye jeshi lake liliingia Somalia mwaka 2011 na mwaka uliofuata likajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika pamoja na Waganda na Warundi, hana budi kuandika ripoti zitakazosomwa nje ya mipaka ya Kiswahili.

Kwa kijana wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, kikwazo cha kufikia uandishi huo husemwa kuwa ni Sheng, lugha ya vijana inayochanganya Kiswahili na Kiingereza. Lawama hiyo haina uzito, kwani anayebadili msimbo anapotoka kwa wenzake wa mtaani kwenda kwa mwalimu, kisha kwa bibi yake, tayari anajua kupima msikilizaji, na huo ndio mwanzo wa uandishi. Anachokosa ni mazoezi: katika darasa lililofurika, mwalimu hawezi kusahihisha insha za wote kila wiki, na insha isiyosahihishwa haimfundishi mwandishi wake mengi. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, yenye alama 60, ina sehemu ya uandishi wa kiuamilifu, yaani wa barua, ripoti, kumbukumbu za mikutano na maandishi mengine ya kazi, ambao ndio jirani wa karibu zaidi wa kazi ya afisa. Lakini hufundishwa kama umbo la kukaririwa, anwani huku na tarehe kule, pasipo kumuuliza mwanafunzi kama msomaji angejua la kufanya.

Kibera yenyewe, au Kibra kama Wanubi wanavyoiita, ilizaliwa na jeshi: askari wenye asili ya Sudan, mababu wa Wanubi hao, waliolitumikia King’s African Rifles waliruhusiwa kukaa katika eneo hilo, lililokuwa msitu, na mwaka 1918 ekari zipatazo 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Walichopewa ni vibali vya kukaa na kulima, si hatimiliki. Vizazi vyao viliendelea kudai maandishi yenye nguvu zaidi ya kibali hadi mwaka 2017, serikali ilipowakabidhi hati ya ardhi ya jamii, nayo ilihusu ekari 288.