Umahiri wa Mbio na Chimbuko Lake

Kijana anayekua Kinyangiri hana haja ya kwenda mbali kutafuta maana ya umahiri. Wilaya yake ya Mkalama inapakana na Mbulu, nyumbani kwa mwanariadha John Stephen Akhwari. Karatu ya mkimbiaji Filbert Bayi iko ng'ambo ya Ziwa Eyasi. Na ndani ya mkoa huohuo wa Singida, kusini, iko Ikungi ya mkimbiaji Alphonce Simbu.

Mzizi wa neno hilo ulitoka Kiarabu, ukimtaja mtu aliyeiva katika kazi yake. Akhwari alilipa uzito wa kipekee mwaka 1968, Mexico. Katika marathoni ya Olimpiki alianguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza 57, yeye akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia.

Bayi alikuja na sura nyingine. Wakimbiaji wengi wa mita 1500 walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Christchurch, Februari 2, 1974, yeye alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akafungua pengo, na hakuna aliyemfikia. Dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Hata John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, alimaliza chini ya rekodi ya zamani.

Kisha ukame. Tangu medali za fedha za Bayi na Suleiman Nyambui huko Moscow, 1980, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Vipaji havikukauka, kilichokatika ni ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa muda, na hilo lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa mtoto wa kijijini huonekana na kocha kwenye mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISETA.

Hata hivyo, nje ya Olimpiki, Simbu alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017. Miaka minane baadaye, Tokyo, Septemba 2025, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake mita chache kabla ya utepe. Simbu akamfikia, Petros akajirusha mbele. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, picha ikaamua: Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia.

Ili ngazi hiyo isikatike tena, walimu wa michezo wa Mkalama na halmashauri yao wazipe mbio ndefu nafasi na bajeti kila msimu wa UMITASHUMTA, kuanzia shule za msingi za kata kama Kinyangiri.